Sauti Zilizo Kati ya Vibao: Mwongozo wa Kutengeneza Ala za Maikrotoni

Ala ya maikrotoni ni ala ambayo sauti zake hazifuati mgawanyo wa 12 unaotumika kwenye piano, kinanda na gitaa za dukani. Katika mgawanyo huo, oktava, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ile yenye mitetemo maradufu, hukatwa hatua 12 zilizo sawa. Sauti zinazoangukia kati ya hatua hizo hazina kibao kwenye kinanda wala freti kwenye gitaa. Anayezihitaji hana budi kutengeneza ala yake, au kurekebisha aliyo nayo.

Mgawanyo wa 12 ni mmoja tu kati ya mingi. Wagogo wa Dodoma huimba, na kupiga zeze na ilimba (ala ya ndimi za chuma), kwa sauti zinazofuata mlolongo wa haromoniki. Baganda hukata oktava ya amadinda, marimba yao ya mbao, katika hatua 5 zinazokaribia kulingana. Wachopi wa kusini mwa Msumbiji huweka timbila, yaani marimba zao, katika hatua 7 zinazokaribiana vivyo hivyo. Taarabu ya Zanzibar, ambayo kikundi chake kikongwe cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, ilipokea kutoka Misri maqamu, yaani mifumo ya skeli, yenye sauti za robo toni (nusu ya hatua ya piano). Udi na fidla hazina freti, kwa hiyo mpigaji huziweka sauti hizo kwa kidole. Ala ya nyuzi iitwayo kanuni ina vibati vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi. Kodiani na kinanda cha kawaida haviwezi kufanya hivyo.

Nje ya Afrika nako wapo waliojenga ala zao kwa sababu ala za dukani hazikuwatosha. Mmarekani Harry Partch (1901–1974) alitumia sauti 43 ndani ya oktava moja, akaunda marimba, vinanda na ala za nyuzi za kuzipiga. Julián Carrillo wa Mexico alibuni piano 15 za migawanyo tofauti, ambazo zilionyeshwa Brussels mwaka 1958. Mwanafizikia wa Uholanzi, Adriaan Fokker, alijengewa kinanda cha filimbi chenye sauti 31 kwa oktava, kikazinduliwa Haarlem mwaka 1950. Mwongozo huu unafuata utaratibu mmoja: sauti huchaguliwa kwanza kwa sikio, hesabu hufuata, kisha chuma au mbao hukatwa.

Vipimo vya sauti

Idadi ya mitetemo kwa sekunde hupimwa kwa hezi, kwa kifupi Hz. Hata hivyo, sikio halisikii tofauti ya hezi, bali uwiano. Kutoka 200 Hz hadi 300 Hz, na kutoka 400 Hz hadi 600 Hz, ni umbali uleule, kwa sababu kote uwiano ni 3 kwa 2. Ndiyo maana fundi wa ala hupanga skeli yake kwa uwiano kwanza, na hezi huja baadaye anapojua sauti ya kuanzia.

Kipimo cha pili ni senti. Mwingereza Alexander Ellis alikieneza mwaka 1885 alipokuwa akilinganisha skeli za mataifa mbalimbali. Oktava moja ina senti 1200, na kila hatua ya piano ina senti 100. Senti hupatikana kwa kuchukua logi ya uwiano, kuigawa kwa logi ya 2, kisha kuzidisha kwa 1200. Kikokotoo cha simu kinatosha kwa kazi hiyo. Uwiano wa 5/4 hutoa senti 386, wa 3/2 senti 702, na wa 7/4 senti 969.

Kipimo cha senti kinafaa kwa sababu programu za kupimia sauti kwenye simu hutaja jina la noti iliyo karibu, kisha huonyesha senti ngapi juu au chini yake. Noti ya piano iliyo karibu na 7/4 iko kwenye senti 1000. Kwa hiyo anayetaka 7/4 hulenga senti 31 chini ya noti hiyo. Programu inayoonyesha hezi pamoja na senti ndiyo bora kwa kazi ya ala.

Kuchagua skeli

Skeli nzuri ya kuanzia ni ile ambayo mtengenezaji tayari anaisikia kichwani. Mbili zinazofaa sana zipo Afrika Mashariki.

Ya kwanza ni ya haromoniki. Uzi mmoja unapopigwa hautoi sauti moja tu. Ndani yake mna sauti nyingine zenye mitetemo mara 2, 3, 4, 5 na kuendelea ya ile ya msingi. Muziki wa Wagogo umejengwa hasa juu ya sehemu ya mlolongo huo iliyo kati ya namba 4 na 9. Sauti ya kwanza ikiwekwa kwenye 400 Hz, skeli nzima huwa 400, 500, 600, 700, 800 na 900 Hz. Piano haina sauti hizo zote. Sauti yake iliyo karibu na 500 ni 504, na iliyo karibu na 700 ni takriban 713. Tofauti ya pili ni kubwa kiasi kwamba hata asiyejua muziki huisikia. Sauti za mlolongo huu zikipigwa pamoja huungana na kutulia, na utulivu huo husikika wazi katika kwaya za Wagogo.

Ya pili ni ya hatua 5 zinazolingana, inayokaribia amadinda ya Buganda. Kila hatua ina senti 240, yaani uwiano wa 1.1487. Kuanzia 400 Hz hupatikana 459.5, 527.8, 606.3, 696.4 na 800. Namba hizi ni mwanzo tu. Fundi wa Buganda huweka sauti kwa sikio, na amadinda zilizopimwa hutofautiana kidogo baina yake. Anayetengeneza ala ya kupigwa pamoja na amadinda iliyopo anapaswa kuipima amadinda hiyo, ubao kwa ubao, na kufuata vipimo vyake badala ya vya kitabuni.

Ala ya kwanza: ubao wa nyuzi mbili

Kabla ya kukata chuma chochote, skeli inapaswa kusikika. Chombo cha kuisikilizia ni ubao wenye nyuzi mbili, ambao hujengwa kwa siku moja.

Huhitajika ubao mgumu wa urefu wa sentimita 90, wenye sanduku jembamba chini yake ili sauti ikue. Nyuzi mbili za gitaa za aina moja hufungwa sambamba. Uzi wa pili wa gitaa la nyuzi za chuma, ule wa B, unafaa. Upande mmoja nyuzi hushikwa na skrubu, upande wa pili na vigingi vya kukazia. Vizingiti viwili vya mti mgumu au mfupa huwekwa chini ya nyuzi, milimita 720 kutoka kimoja hadi kingine. Urefu huo umechaguliwa kwa sababu hugawanyika vizuri kwa namba nyingi. Nyuzi zote mbili hukazwa hadi 200 Hz. Kuzikaza hadi 400 Hz kwa urefu huo kungezikata.

Uzi mmoja huachwa wazi uwe sauti ya msingi. Chini ya uzi wa pili huwekwa daraja dogo linalosogezwa. Sehemu ya uzi inayopigwa hupatikana kwa kugawa 720 kwa uwiano unaotakiwa: 576 kwa 5/4, 480 kwa 3/2, milimita 411.4 kwa 7/4, 360 kwa oktava, na 320 kwa 9/4. Kwa skeli ya hatua 5 alama huwekwa kwenye 626.8, 545.7, 475.0, 413.5 na 360. Daraja linapaswa kuugusa uzi tu bila kuuinua. Likiuinua, uzi hukazika na sauti hupanda juu ya hesabu.

Ubao huu hubaki karakanani siku zote. Sauti mbili zinazokaribiana zikipigwa pamoja, husikika mawimbi ya kupanda na kushuka. Tofauti ya hezi 2 hutoa mawimbi mawili kwa sekunde, na sauti zikilingana mawimbi hukoma. Sikio lililozoea kusikiliza mawimbi hayo hurekebisha ala kwa usahihi hata simu inapokosa chaji.

Ala ya pili: marimba ya mabomba

Mabomba ya chuma ndiyo njia rahisi ya kupata ala ya maikrotoni inayodumu. Hayapasuki wala hayanywi unyevu, na yanapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Mfano huu unatumia bomba la kipenyo cha nje cha milimita 25 na unene wa ukuta wa milimita 1.5. Sauti sita huhitaji takriban mita 3, bila kuhesabu ziada ya makosa. Vifaa vingine ni msumeno wa chuma, tupa, msasa, jiliwa, drili, futi ya kupimia, sponji, kamba ya nailoni na mbao mbili za kubebea.

Kanuni inayotawala kazi hii ni moja: mitetemo ya bomba lililo huru pande zote mbili hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu. Bomba likipunguzwa kufikia nusu, sauti hupanda oktava mbili, si moja. Kwa hiyo urefu wa bomba jipya hupatikana kwa kugawa urefu wa bomba la kwanza kwa kipeuo cha pili cha uwiano. Kanuni hii ni sahihi pale tu mabomba yote yanapokatwa kutoka bomba moja. Mabomba mawili yenye jina moja dukani yanaweza kutofautiana unene, na hesabu ikaharibika.

Kila bomba lina sehemu mbili zisizotikisika linapogongwa, zinazoitwa nodi. Ziko asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha. Bomba hushikwa hapo tu. Likishikwa kwingine, sauti hufa mara moja.

Kazi huanza kwa bomba la majaribio la milimita 620. Huwekwa juu ya vipande viwili vya sponji, kila kimoja milimita 139 kutoka ncha, kisha hugongwa katikati kwa kijiti chenye kichwa laini. Simu husoma hezi. Bomba la vipimo vilivyotajwa hutoa takriban 390 Hz, ingawa kila bomba lina tabia yake. Simu ikionyesha kiasi cha 1075 Hz, inasikia sauti ya pili ya bomba, ambayo hutetemeka mara 2.76 ya ile ya msingi. Dawa yake ni kijiti laini zaidi.

Bomba likisoma 390 Hz na sauti inayotakiwa ni 400, basi urefu sahihi ni 620 mara kipeuo cha pili cha 390/400, yaani milimita 612.2. Kutoka hapo skeli nzima huhesabiwa:

400 Hz: urefu 612.2, nodi 137.3 kutoka ncha
500 Hz: urefu 547.6, nodi 122.8
600 Hz: urefu 499.9, nodi 112.1
700 Hz: urefu 462.8, nodi 103.8
800 Hz: urefu 432.9, nodi 97.1
900 Hz: urefu 408.1, nodi 91.5

Kwa anayetaka hatua 5 za Buganda, 612.2 hugawanywa kwa 1.0718 mfululizo: 571.2, 533.0, 497.3, 464.0 na 432.9. Bomba lililosoma tofauti na 390 Hz halibadilishi utaratibu. Namba mpya huingizwa mahali pa 390.

Kila bomba hukatwa milimita 3 zaidi ya hesabu, kisha hupunguzwa kwa tupa. Milimita moja hupandisha bomba refu la mfano huu kwa senti karibu 6, sawa na hezi 1.3; bomba fupi hupanda senti 8 na nusu, sawa na hezi 4.4. Kadiri bomba linavyokuwa fupi ndivyo mkono unavyopaswa kuwa mwepesi. Bomba lililotoka kusuguliwa huwa na joto, na chuma chenye joto husoma chini kidogo. Fundi mwenye haraka husugua zaidi, na bomba likipoa hukuta sauti imepita. Kipimo cha mwisho hufanyika baada ya bomba kupoa kabisa.

Chuma kilichokatwa hakiongezeki. Kwa sababu hiyo kazi huanzia bomba refu kwenda fupi: bomba la 500 Hz lililokatwa vibaya huweza kukatwa tena kuwa la 600, lakini la 900 lililopitiliza halina pa kwenda. Mabomba yote yakipita kwa uwiano mmoja, hakuna hasara yoyote. Skeli ni uwiano, na ikianzia 404 Hz badala ya 400 bado ni ileile, ilimradi ala haipigwi pamoja na nyingine yenye sauti isiyobadilika.

Usalama nao una nafasi yake. Miwani ya kukinga macho huvaliwa wakati wa kukata, na ncha zote husuguliwa hadi zisiweze kukata kidole. Bomba lililopakwa zinki halichomelewi wala halipashwi moto mkali, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

*Fremu.* Umbali kati ya nodi mbili za bomba ni asilimia 55 ya urefu wake. Kwa mabomba haya, mbao za kubebea huachana milimita 338 upande wa bomba refu na milimita 225 upande wa fupi, kwa hiyo fremu hupata umbo la pembenne iliyobanwa upande mmoja. Njia rahisi ni kubandika ukanda wa sponji juu ya mbao na kulaza mabomba juu yake, huku msumari wenye mpira ukizuia kila moja lisisogee. Njia imara ni kutoboa tundu dogo kwenye kila nodi na kupitisha kamba ya nailoni. Baganda hulaza mbao za amadinda juu ya vigogo viwili vya mgomba, na ulaini wa vigogo hivyo hufanya kazi ileile ya sponji. Mabomba ya majaribio yanaweza kulazwa hivyo bila fremu yoyote.

*Vikuza sauti.* Bomba la chuma peke yake husikika chumbani tu. Ili lisikike ukumbini, chini ya katikati yake huwekwa bomba la plastiki lililosimama, limezibwa chini na wazi juu. Urefu wake ni robo ya wimbi la sauti. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349.5 kwa sekunde. Zikigawanywa kwa 1600, yaani hezi 400 mara 4, hupatikana sentimita 21.8. Mdomo wa bomba hurefusha wimbi kidogo, kwa hiyo bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 hupunguzwa sentimita 1.5. Matokeo kwa sauti sita ni sentimita 20.3, 16.0, 13.1, 11.0, 9.4 na 8.2.

Hesabu hiyo huhakikiwa kwa maji. Bomba la plastiki refu kidogo huwekwa mahali pake, bomba la chuma hugongwa mfululizo, na maji humiminwa polepole. Sauti inapovimba kuliko wakati wowote, kina cha maji hutiwa alama, na hapo ndipo kizibo kinapokaa.

*Vijiti vya kupigia.* Kichwa kigumu huamsha ile sauti ya pili ya mara 2.76, ambayo haipatani na skeli yoyote na huficha utamu wa uwiano uliofanyiwa kazi. Kijiti chenye kichwa cha mpira uliozungushiwa uzi huipunguza na kuiacha sauti ya msingi ijitokeze. Kwa ala ya maikrotoni, kijiti ni sehemu ya sauti sawa na bomba.

Ala ya tatu: ilimba

Ilimba na jamaa zake za kalimba ndizo ala zinazomfaa zaidi anayependa kubadilisha skeli mara kwa mara, kwa sababu sauti haikatwi, husogezwa. Kila ulimi wa chuma hubanwa kati ya vyuma viwili au vitatu na kuachwa wazi mbele. Ukivutwa mbele hurefuka na kushuka sauti, ukirudishwa nyuma hupanda.

Ndimi hutengenezwa kwa spoki za baiskeli, vijiti vya mwavuli, misumari iliyopondwa au msumeno wa chuma uliochakaa. Chuma cha chemchemi ni bora kuliko chuma laini, kwani hurudi mahali pake bila kupinda. Kanuni ya urefu ni ileile ya mabomba: ulimi wa kwanza ukiwa na sehemu wazi ya milimita 80, nyingine za unene huohuo huwa 71.6, 65.3, 60.5, 56.6 na 53.3 kwa haromoniki za 4 hadi 9. Hata hivyo, chuma kilichopondwa kwa nyundo hakilingani unene, kwa hiyo hesabu hapa huonyesha mahali pa kuanzia tu.

Marekebisho madogo yana njia tatu. Tone la nta chini ya ncha huongeza uzito na kushusha sauti, na hubanduliwa bila madhara. Kusugua ncha kwa tupa hupandisha sauti. Kusugua karibu na shina huudhoofisha ulimi na kushusha sauti. Nta hujaribiwa kwanza, tupa baadaye.

Sanduku la mti mkavu lenye tundu ndilo hukuza sauti. Mafundi wa Ugogo huongeza ndimi zisizopigwa na kidole, ambazo huitikia zenyewe ndimi jirani zikilia. Ndimi hizo huitikia vizuri pale tu sauti zinapolingana kwa uwiano safi. Kwa hiyo ilimba yenyewe humwambia fundi kama amepatia: ikiwekwa sawasawa hulia kwa muda mrefu, ikikosewa hukauka.

Ala ya nne: gitaa lenye freti za robo toni

Gitaa la zamani huweza kugeuzwa lipige maqamu au skeli yoyote. Kwanza hupimwa urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu hadi daraja. Mahali pa kila freti, kuanzia kizingiti cha juu, hupatikana kwa kuzidisha urefu huo kwa 1 kutoa kinyume cha uwiano, yaani U × (1 − 1/r).

Kwa gitaa lenye uzi wa milimita 650, freti tatu za kwanza za robo toni huwa kwenye 18.5, 36.5 na 53.9. Sauti ya tatu ya maqamu ya Rast, ambayo katika mgawanyo wa robo toni huandikwa senti 350, huangukia milimita 119. Wapigaji wazuri huipandisha au kuishusha kidogo kufuatana na mji na mwalimu, na fundi anayetengenezea kikundi fulani anapaswa kusikiliza fidla na udi za kikundi hicho kabla ya kuweka alama. Kwa anayefuata haromoniki, 5/4 iko kwenye milimita 130, wakati freti ya kawaida ya gitaa iko kwenye 134.1. Milimita hizo 4 ndizo zinazotenganisha sauti iliyotulia na ile yenye mawimbi.

Freti za zamani hung'olewa baada ya kupashwa joto kidogo, nafasi zake huzibwa kwa vipande vyembamba vya mbao na gundi, na shingo husuguliwa kwa msasa. Freti mpya hufungwa kwa mshipi wa kuvulia wa nailoni wenye unene wa milimita 0.8 hadi 1, ukazungushwa shingoni na kukazwa kwa fundo upande wa nyuma. Saz ya Kituruki hutumia njia hiyo, na faida yake kubwa ni kwamba freti husogezwa kwa kidole. Mahali shingo inapoungana na sanduku mshipi haupiti. Hapo hubandikwa vijiti vyembamba vya mwanzi.

Uzi ukibonyezwa hukazika na kupanda sauti kidogo. Kwa hiyo daraja hurudishwa nyuma milimita moja au mbili, hadi sauti ya freti ya oktava ilingane na ile inayosikika uzi ukiguswa tu katikati bila kubonyezwa. Freti nyingine hukaguliwa baada ya hapo.

Kukagua na kuweka kumbukumbu

Ala iliyokamilika hupimwa mara tatu: siku ya kumalizika, baada ya wiki moja, na baada ya msimu kubadilika. Chuma hubadilika kidogo sana. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kushuka sauti, na kiangazi hupanda. Mbao za marimba ambazo hazikukauka vizuri zinaweza kuhama hadi skeli isitambulike, kwa hiyo mti hukaushwa kivulini kwa miezi mingi kabla ya kuchongwa. Ubao wa marimba hushushwa sauti kwa kuchonga chini katikati, na hupandishwa kwa kuchonga chini ya ncha.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuiamini simu kuliko sikio. Simu hupima sauti moja kwa wakati, lakini muziki ni sauti zinazokutana. Ala ambayo kila bomba lake limesoma sawa, lakini nyimbo hazikai ndani yake, haijakamilika. Hapo mwenye kuujua muziki huo, mwimbaji au mpigaji mzee, hukaa mbele ya ala, na fundi husikiliza anachosema.

Kinachobaki ni kuandika. Skeli inaweza kupotea ala inapovunjika na hakuna aliyekuwa ameipima. Nyingine huvutwa polepole hadi zikafanana na kinanda. Kila fundi anayetengeneza ala ya maikrotoni anaombwa aandike ndani ya sanduku au chini ya fremu, kwa wino usiofutika, hezi za kila sauti, urefu wa kila kipande, tarehe ya kupima, na jina la mtu ambaye skeli hiyo ilipokewa kwake. Kwa maandishi hayo fundi mwingine ataweza kuitengeneza ala ileile tena.